Shajara ya mradi: kuondoa mikwaruzo kwenye skrini ya Ms. Pac-Man

Jumamosi asubuhi: kuusoma mkwaruzo

Mashine ni Ms. Pac-Man, gemu la video la kabati, ya kampuni ya Midway, toleo la 1982, iliyotoka kiwandani Franklin Park, hapa hapa Illinois ninapoishi. Skrini yake ni tyubu ya inchi 19 iliyosimamishwa wima, kwenye fremu ya Wells-Gardner, kampuni ya Chicago iliyoanza 1925 kwa kutengeneza redio. Kwa mliopo nyumbani: hili ni chogo lile lile la TV za zamani, ila limelazwa ubavu. Nimeipata kwa mtu aliyekuwa anaondoa vitu ghalani. Kabati zima, mbao hazijavimba, bodi inawaka na gemu linacheza. Tatizo ni kwamba paneli ya mbele inayokinga skrini ilishang'oka zamani, na kwa miaka yote hiyo tyubu imekaa wazi. Watu wameegemeza vyuma, wamesukumia maboksi, wamefuta vumbi kwa matambara makavu. Ukiwasha taa ya gereji skrini inaonekana imechoka kabisa.

Maelezo mengi ya kazi hii huanzia kwenye drili na unga wa kupolishia. Mimi naona kazi inaanzia kwenye kuujua mkwaruzo ulio mbele yako, kwa sababu tyubu za namna hii hazitengenezwi tena, na kila unachokitoa kwenye kioo hakirudi. Kwa hiyo leo asubuhi sijagusa chombo chochote cha kupolishi. Nimeosha tu na kutazama.

Plagi imechomolewa. Kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo, sabuni ya vyombo tone moja, halafu spiriti. Kitambaa kimetoka na rangi ya chai ya rangi. Hizo ni sigara za baa: mashine hizi ziliishi kwenye baa na maduka ya piza enzi ambazo watu walivuta sigara ndani, na skrini yenye umeme tuli huvuta moshi na vumbi kutoka kila upande. Baada ya kuosha nimezima taa zote, nikailaza tochi karibu na kioo ili mwanga upite ubavuni. Hapo ndipo kila kitu kinajitokeza.

Kona ya juu kulia kulikuwa na mistari ya kijivu inayong'aa. Nimepitisha ukucha: hakuna bonde. Badala yake kuna kitu kimepanda juu ya kioo. Huo si mkwaruzo, ni chuma kilichojipaka. Alumini ni laini kuliko kioo, ikiburuzwa juu yake inaacha alama kama ya penseli. Nimelowesha kioo, nikachukua wembe mpya na kuulaza karibu kabisa na uso, nikausukuma taratibu kwa mwelekeo mmoja. Alama zimetoka zote. Sehemu nzuri ya kile nilichokiona jana kama uharibifu imeishia hapo, bila unga wala drili.

Katikati kuna aina ya pili, na ndiyo nyingi zaidi: mistari myembamba kama unywele, inayozunguka zunguka kufuata mkono wa mtu. Ukucha haunasi. Hii imetokana na kufuta vumbi kavu. Vumbi la nyumbani lina chembe za mchanga, na mchanga ni madini ya kwatzi (quartz), yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, wakati kioo cha kawaida kipo kama 5.5. Kila aliyepita na tambara kavu alikuwa anapiga msasa bila kujua.

Halafu kuna mmoja peke yake, upande wa kushoto chini kidogo ya katikati, mrefu kama shubiri, umekatiza kimshazari. Huu ukucha unanasa. Nilipowasha mashine na kuleta picha nyeupe, mkwaruzo huo ulimetameta nyekundu, kijani na buluu. Sababu ni kwamba kingo zake zinapinda mwanga wa vidoti vya rangi vilivyo nyuma ya kioo na kuvitenganisha, kitu ambacho kioo safi hakifanyi.

Na kuna kitu ambacho si mkwaruzo wala hakitatoka: kivuli cha maneno HIGH SCORE, kinachoonekana hata mashine ikiwa imezimwa. Hiyo ni fosfa, ule utando unaowaka na kutoa picha, iliyoungua, nayo ipo upande wa ndani. Uupolishi uso wa nje mwaka mzima, maneno yatabaki. Afadhali Ms. Pac-Man ina ramani nne zinazobadilishana, kwa hiyo kuta zake hazijajichora vibaya kama kwenye Pac-Man ya 1980, ambayo ramani yake ni ile ile moja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Jumamosi mchana: kutoa chaji na kushusha tyubu

Kabla ya kuingiza mkono nyuma ya kabati nilimpigia simu fundi mmoja mzee wa Tanga, aliyetengeneza redio na TV maisha yake yote na ndiye aliyenifundisha kushika bisibisi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hilo bomba umeshalitoa moto?"

"Bado. Lakini halijawashwa tangu asubuhi."

"Tangu asubuhi si kitu. Litoe moto, kaa pembeni unywe chai, kisha rudi ulitoe tena. Ukishalitoa mara ya pili ndiyo useme umelitoa."

Anachosema ni sahihi kabisa, na kina maelezo yake. Tyubu yenyewe ni kapasita kubwa, yaani kitu kinachotunza chaji ya umeme: ndani kuna anodi, sehemu inayopokea umeme mkali, nje kuna rangi nyeusi ya grafiti, na kioo kipo katikati. Tyubu ya rangi ya ukubwa huu hufanya kazi kwa volti kama 20,000 hadi 25,000. Ukishaiondoa chaji, kiasi kingine kilichobaki ndani ya kioo hujikusanya upya taratibu. Ndiyo maana ya ile chai.

Nimefunga waya wenye klipu kwenye bisibisi bapa yenye mpini wa plastiki, upande wa pili nikaubana kwenye fremu ya chuma ya monita yenyewe, si kwenye chuma kingine chochote cha gereji. Mkono mmoja umekaa mfukoni. Ncha ya bisibisi nimeipenyeza chini ya kikombe cha mpira cha anodi mpaka ikagusa chuma. Kimelia kidogo, "tak", basi. Baada ya chai nimerudia, na safari hii hakikulia. Hapo nikabana ndoano mbili za waya zilizo ndani ya kile kikombe na kukichomoa.

Kinachofuata ni polepole tu. Bodi ya shingoni imetoka kwa kuivuta moja kwa moja nyuma, bila kuitikisa kando, kwa sababu shingo ni kioo chembamba na ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Chesisi, yaani bodi kuu ya umeme ya monita, nimeiondoa na kuiweka mbali ili isipate tone la maji. Koili ya shingoni, pete zake za sumaku na kabari za mpira sijazigusa. Zile zimepangwa ili nyekundu, kijani na buluu ziangukie mahali pamoja, na ukizisogeza utaishi na picha yenye pindo za rangi mpaka utakapopata subira ya kuzipanga upya.

Tyubu imebaki imefungwa kwenye fremu yake kwa masikio yake manne. Nimeilaza fremu juu ya benchi mbili za mbao, uso ukitazama juu, shingo ikining'inia huru katikati. Ndani ya tyubu ni ombwe, hakuna hewa. Uso peke yake unabeba shinikizo la hewa la zaidi ya tani moja, na ukanda wa chuma unaouzunguka upo hapo kuubana ili usilipukie ndani. Miwani ya kujikinga nimeivaa tangu hatua hii, na mtoto wa jirani aliyekuja kuchungulia nimemwomba akasimame mlangoni.

Jumapili: unga, maji na felti

Wengi wa nyumbani wamenishauri dawa ya meno. Inasaidia kwenye plastiki, kama taa za mbele za gari zilizopata ukungu. Kwenye kioo cha tyubu haifanyi chochote cha maana. Kinachotakiwa ni oksidi ya seriamu, unga wa rangi ya waridi iliyochanganyika na kahawia, ule ule unaotumika kupolishi lenzi. Zamani mafundi wa lenzi walitumia oksidi ya chuma, nyekundu inayochafua kila kitu. Seriamu iliishinda kwa sababu haikwangui tu. Ikiwa na maji, inashikana na silika (silica, madini yanayounda kioo) ya uso wa kioo na kuing'oa kidogo kidogo sana. Bila maji kazi hiyo haifanyiki, unabaki unasugua na kupasha kioo moto.

Nimefunika kila kitu isipokuwa uso. Karatasi ya plastiki chini, tepu ya kupakia rangi mistari miwili kuzunguka ukingo, juu ya ukanda wa chuma, ili rojo lisitelemke nyuma kwenye grafiti na tundu la anodi.

Hapa kuna jambo ambalo wanaopolishi vioo vya madirisha hawalipati. Wao huweka alama ya kalamu upande wa pili wa kioo, wakaendelea kuuona mkwaruzo wakati wanafanya kazi. Kwenye tyubu upande wa pili haufikiki, na ukiweka alama juu ya uso, felti inaifuta papo hapo. Rojo nalo linaficha kila kitu. Kwa hivyo nimeandika alama kwenye ile tepu ya pembeni: herufi upande wa juu, namba upande wa kando. Mkwaruzo wa kwanza uko D na 4, mwingine F na 7. Nikitaka kujua nilipo nanyoosha uzi kutoka alama hadi alama.

Rojo nimelichanganya unga sehemu moja kwa maji sehemu mbili na ushee, mpaka likawa kama uji wa mgonjwa. Chombo ni drili ya betri (sitaki waya wa umeme karibu na maji haya) yenye pedi ya felti (kitambaa kinene cha sufi iliyoshindiliwa) ya milimita 75 juu ya mpira laini. Ulaini wa ule mpira ni muhimu: uso wa tyubu hizi umejikunja pande zote mbili, na pedi ngumu itagusa sehemu moja tu na kuchimba. Kasi nimeiweka chini, mizunguko 1,000 hivi kwa dakika. Nimeloweka felti kwanza, nikapaka rojo kwa brashi juu ya kioo, nikashusha pedi kabla ya kubonyeza swichi ili isirushe.

Uzito wa drili unatosha, ukiongeza mkono uwe kidogo. Pedi haikai mahali pamoja: inakwenda na kurudi, ikipishana nusu kwa nusu, na inatoka nje ya eneo la mkwaruzo kwa upana wa kiganja ili pasibaki mpaka. Sikio linafundisha haraka kuliko jicho. Rojo likiwa na maji ya kutosha felti inatoa sauti ya kuburuza iliyo laini, likianza kukauka felti inang'ang'ania na sauti inapanda juu. Hapo unapuliza maji kwa chupa kabla haijaanza kupiga kelele.

Kila baada ya dakika chache nimesimama na kuweka kiganja kwenye kioo. Vuguvugu ni sawa. Kikifika kiwango cha kukufanya uondoe mkono, umepitiliza, kwa sababu kioo kilichopata moto sehemu moja na kubaki baridi pembeni kinavutana chenyewe, na hiki tayari kimebeba ile tani moja. Vile vile sikukimwagia maji baridi kukipoza. Nimekiacha kipoe chenyewe.

Kukagua kunataka subira. Maji yanaziba mistari na kuifanya ipotee, kwa hiyo kioo kilicholowa kinakudanganya kila mara. Ni lazima kuosha, kukausha kabisa, kuzima taa, kulaza tochi. Raundi ya kwanza ilileta tofauti ndogo sana, kiasi cha kumkatisha tamaa asiyejua. Raundi zilizofuata ndizo zilizoanza kula mistari ya D4. Unywele unakuwa mfupi kwanza kwenye ncha zake, kisha unakatika katikati, kisha unabaki vipande ambavyo ukigeuza tochi kidogo huvioni.

Kabla ya kufunga nimefuta kila tone lingali bichi. Rojo hili likikauka kwenye ukingo linakuwa gamba gumu, na unga wake mkavu si wa kuvuta puani. Barakoa wakati wa kuchanganya, na sakafu nimeipiga deki, sikuifagia.

Jumatano usiku

Nimemaliza upande wa kulia na sehemu ya juu. Hakuna jipya la kueleza, ni kazi ile ile. Felti ya kwanza imekwisha, imekuwa ngumu katikati. Nimeweka mpya na mara moja kasi ya kazi imerudi.

Jumamosi: ule mrefu

Unywele wote umetoka. Tochi ikilazwa, uso unarudisha mwanga ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Umebaki ule wa mshazari.

Jamaa yangu mmoja Mkenya anayeishi Minnesota, mpenzi mwenzangu wa mashine hizi, ameziona picha na kunipigia.

"Ndugu yangu, huo piga msasa wa maji. Anza na 400, panda hadi 1,200, umalizie na unga. Utaisha."

"Utaisha, najua. Na pale ulipokuwa patakuwaje?"

"Patakuwa na kabonde kidogo, lakini nani ataona?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na nimelifikiria wiki yote. Mkwaruzo hauwezi kujazwa kwa kupolishi. Kinachofanyika ni kuushusha uso wote unaouzunguka mpaka ulingane na chini ya bonde. Kwa unywele, kina ni kidogo sana na seriamu inatosha. Kwa mkwaruzo unaonasa ukucha inabidi uende na msasa, kila daraja ikifuta alama za daraja iliyotangulia, na ukimaliza umetengeneza lenzi pana ndani ya skrini. Kwa unene hakuna wasiwasi, kioo cha uso kinapita sentimita moja. Shida ni picha. Ms. Pac-Man imejaa mistari iliyonyooka, na ukutani mwa ramani, mstari unaojikunja mchezaji anaposogeza kichwa unaonekana kuliko mkwaruzo wenyewe. Mkwaruzo unakaa mahali pamoja na jicho linauzoea, picha inayocheza cheza jicho haliizoei. Mafundi wengi wa vioo vya magari nao hukataa kuchimba mkwaruzo wa kina mbele ya macho ya dereva, kwa sababu hiyo hiyo.

Nimeamua kuulainisha tu. Kinachoufanya mkwaruzo umetemete ni kingo zake zilizovunjika vunjika, zenye vipande vidogo vidogo vinavyotawanya mwanga. Ukizizungusha kingo hizo kwa felti, bonde linabaki lakini linaacha kupiga kelele. Nimetumia pedi ndogo zaidi, rojo lile lile, nikifuata urefu wa mkwaruzo kisha nikiukatiza, na nikipanua eneo kila raundi. Chini ya kioo cha kukuzia cha jicho moja, ile lenzi ya mafundi saa, kingo zilizokuwa na meno meno leo ziko mviringo na safi. Ukucha bado unausikia, ila unateleza juu yake bila kunasa.

Resini ya kuziba nyufa za vioo vya mbele vya magari nimeifikiria pia. Inafaa kwenye kishimo kilichopigwa na kokoto. Kwenye mstari mrefu ulio wazi juu haina pa kujishikiza vizuri, na siku ikibanduka itaondoka vipande vipande. Nimeiacha.

Jumapili jioni: kurudisha

Tepu imetoka, ukanda wa chuma umefutwa na kukaushwa kwa saa nyingi, grafiti haijaguswa na maji. Fremu imerudi ndani ya kabati, chesisi mahali pake, waya wa ethi unaolala juu ya grafiti umekaza, bodi ya shingoni imeingia sawasawa, na kikombe cha anodi nimekisikia kikishika pande zote mbili. Nimekagua plagi zote kabla ya umeme, kisha nikaondoa usumaku kwa koili, maana kugeuza geuza tyubu ndani ya gereji kumeacha doa la zambarau kona moja. Doa limekwenda.

Mashine ina picha ya majaribio yenye gridi ya mistari mieupe juu ya weusi. Hiyo ndiyo niliyoitegemea kuliko tochi. Nimesimama mbele, nikasogea kushoto na kulia, nikapiga magoti, nikitazama mistari inayopita D4, F7 na kando ya ule mshazari. Yote imenyooka. Hakuna palipoyumba. Kwenye picha nyeupe ule mshazari unaonekana ukiutafuta, mstari mmoja wa kijivu hafifu usio na rangi rangi. Kwenye gemu lenyewe, ambalo sehemu kubwa ni nyeusi, sijauona, na vijana wawili waliokuja kucheza hawakuuliza chochote kuhusu kioo.

Kinachobaki ni kinga ya mbele. Nimekata akriliki (plastiki angavu kama kioo) ya milimita 3 na nitaiweka na nafasi kati yake na tyubu ili isisuguane nayo. Akriliki inakwaruzika upesi kuliko kioo, lakini ina polishi zake, na ikichoka inanunuliwa nyingine kwa bei ndogo. Ndani ya mlango wa kabati nimebandika karatasi kwa atakayeimiliki baadaye: futa kwa kitambaa kilicholowa, kamwe kisiwe kikavu.

Picha inajikunja kidogo ukingoni inapopata joto, dalili ya kapasita zilizokauka kwenye chesisi. Seti mpya nimeshaiagiza, na kwa kuwa chesisi itatoka tena, chaji itatolewa mara mbili kama kawaida.